Gari la 2002 na kompyuta ya 2013: niuze au niendelee kutunza?

Swali: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Nina Toyota Corolla ya mwaka 2002 niliyoinunua mwaka 2011, ni namba B, na sasa inasoma kilomita 238,000. Haijawahi kunilaza njiani, ila mwaka jana ilichemsha tukiwa tunarudi kutoka Kondoa. Nina pia kompyuta mpakato ya mwaka 2013 ninayotungia mitihani na kujazia matokeo ya wanafunzi. Inachelewa kuwaka na betri haikai. Mdogo wangu anasema vyote viwili vimekula chumvi, niuze, nichukue mkopo ninunue vingine. Mume wangu anasema tusubiri. Naomba kujua, gari na kompyuta vikitunzwa vizuri vinaweza kudumu miaka mingapi?

Jibu: Mwalimu, salamu zimefika. Nianze na jibu lenyewe, halafu nieleze sababu. Gari usiliuze kwa ajili ya umri. Kama kule kuchemsha kwa Kondoa hakukupinda silinda hedi, yaani kichwa cha injini kinachofunika silinda, injini hiyo ina uwezo wa kwenda kilomita laki moja nyingine na zaidi, na bodi, ikiwa imeishi Dodoma muda wote, huenda ikadumu kuliko injini. Kompyuta nayo bado ina miaka kadhaa ya kutunga mitihani, ila inahitaji matengenezo madogo na uamuzi mmoja kuhusu programu, na uamuzi huo haufai kusubiri. Kuhusu mkopo, naungana na shemeji.

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kusimamia karakana na vifaa vya ofisi hapa Dodoma, magari upande mmoja, kompyuta upande mwingine. Swali lako naletewa kila mwaka na wakubwa wanaotaka kujua kipi kifutwe kwenye daftari la mali na kipi kiendelee. Nilichojifunza ni kwamba mwaka ulioandikwa kwenye kadi ya gari hauniambii mengi. Nikitaka kujua gari litafika wapi, nauliza lilikuwa kwa nani, lilitiwa nini, na lilitembea njia gani.

Chukua mfano wa mwalimu mwenzako. Irv Gordon, aliyekuwa mwalimu wa sayansi huko New York, Marekani, alinunua Volvo P1800S mwaka 1966. Mwaka 2013 gari lile lile lilitimiza maili milioni 3, yaani zaidi ya kilomita milioni 4.8. Njiani injini iliwahi kufunguliwa na kukarabatiwa, lakini gari lilikuwa lile lile na mwenyewe alilifuatilia kwa kitabu chake cha matengenezo. Wanaosimulia habari zake huwa wanaruka jambo ambalo kwangu ndilo kubwa: kila siku alikuwa anakwenda kazini na kurudi umbali wa kama kilomita 200, kwenye barabara kuu, kwa mwendo usiobadilika sana. Safari ya namna hiyo injini inaipenda. Oili inapata moto sawasawa, unyevu uliojikusanya ndani usiku unakauka, giaboksi inatulia kwenye gia ya juu.

Gari linalotoka Nkuhungu hadi sokoni Majengo, likazimwa, likawashwa kwenda shuleni, likazimwa tena, linaonyesha kilomita chache lakini linachakaa haraka. Sekunde chache za mwanzo baada ya kuwasha, oili ikiwa bado imelala kwenye sampu, ile trei ya chini ya injini, ndizo zinazosaga vyuma zaidi. Kwa hiyo hizo kilomita 238,000 zako ningependa kujua ni za wapi. Kama nyingi ni za kwenda Dar es Salaam, Morogoro na Singida, ni nyepesi kuliko zinavyosikika. Kama ni za mjini tupu, bado gari linafaa, ila usingoje kilomita zitimie ndipo umwage oili. Hesabu na miezi.

Kuna jambo jingine kuhusu umri wa magari yetu. Huko Japani gari jipya hukaguliwa kwa lazima likitimiza miaka 3, na baada ya hapo kila miaka 2, na gharama za ukaguzi na matengenezo yanayoambatana nao huwasukuma wengi kuuza mapema. Ndiyo maana gari linateremshwa Bandari ya Dar es Salaam likiwa bado na nguvu zake. Kinachotakiwa kutiliwa shaka ni kilomita lilizokuja nazo, kwa sababu wapo wafanyabiashara wanaorudisha nyuma kilomita kabla ya kuuza. Tazama pedali ya breki, usukani na kiti cha dereva. Mpira wa pedali ulioisha kabisa kwenye gari linalodai kutembea kilomita 60,000 unajieleza wenyewe.

Sasa injini yako. Corolla za mwaka ule zilizotufikia kutoka Japani nyingi zina injini ya 1NZ-FE ya cc 1,500, ile ile iliyomo kwenye IST na Probox, kwa hiyo spea zake utazipata hata Kibaigwa. Inatumia cheni ya taimingi, ile inayolinganisha mwendo wa vali na pistoni. Waliokuwa na Carina zenye injini ya 5A wanaijua habari ya mkanda, kwamba ukifika kilomita 100,000 lazima ubadilishwe. Cheni haina tarehe ya namna hiyo, lakini maisha yake yote yanategemea oili, maana hata kikaza cheni chenyewe kinasukumwa na presha ya oili. Oili ikiwa tope, cheni inalegea, inaanza kupiga kelele asubuhi, na mwisho wake ni kushusha injini.

Mwaga oili kila kilomita 5,000 au kila miezi sita, kinachotangulia. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 450, hivyo ukishakwenda na kurudi mara tano, pamoja na mizunguko ya mjini, oili imemaliza kazi yake. Badilisha na filta kila mara, usikubali kuambiwa filta bado nzima. Kuna mafundi watakaokushauri kuweka oili nzito ya 20W-50 kwa sababu gari limezeeka. Kwa injini hii nakataa. Njia zake za oili ni nyembamba, na mfumo wake wa kubadilisha muda wa vali unaendeshwa na oili hiyo hiyo. Tumia 5W-30 au 10W-30 kama kitabu chake kinavyosema, nunua duka unalolifahamu, kopo lenye kizibo ambacho hakijaguswa. Na kila Jumamosi, injini ikiwa imepoa, chomoa kijiti cha oili utazame kiwango. Injini za umri huu hula oili kidogo, na hilo si ugonjwa. Hatari ni mwenye gari asiyejua kwamba inaliwa, akasafiri hadi Iringa na sampu iliyobaki nusu.

Nikae zaidi kwenye kuchemsha, kwa sababu ndiko magari mengi mazuri ya mji huu yanakofia.

Bloku na silinda hedi ya injini yako ni za aluminiamu. Aluminiamu ni nyepesi na inapitisha joto vizuri, lakini ikizidishiwa moto inapinda, na gasketi ya hedi inaachia. Dodoma iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100, na kwenye mwinuko huo maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi kama 96 badala ya 100. Kinachozuia maji ya rejeta yasichemke ni presha inayoshikiliwa na mfuniko wake, na presha hiyo inapandisha kiwango hadi kupita nyuzi 115. Mfuniko ukishachoka mpira na springi, kinga yote inaondoka. Ni kitu kidogo cha bei ndogo na hakuna anayekiangalia. Nimeona magari yakibadilishiwa rejeta na feni wakati tatizo lilikuwa mfuniko.

Halafu maji. Wewe mkazi wa Dodoma huhitaji mtu kukueleza kuhusu maji yetu ya visima na chumvi yake. Ule ukoko mweupe unaoukwangua ndani ya birika la chai ndio unaojengeka ndani ya rejeta na kwenye njia za maji za injini kila unapojaza maji ya bomba. Ukoko unazuia joto lisitoke, kisha unaziba mirija, na chumvi yenyewe inakula aluminiamu na pampu ya maji. Tumia kulanti, yale maji ya rangi yanayouzwa kwenye madumu, na ukinunua ya kuchanganya, changanya na maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongeza kwenye betri. Maji ya bomba ni ya dharura ya njiani tu, na ukifika nyumbani yamwage.

Jambo la tatu linanisikitisha kila ninapoliona. Mafundi wengi hutoa themostati na kuitupa wakisema hii ni nchi ya joto. Themostati ya injini hii huanza kufunguka kwenye nyuzi kama 82, na kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake haraka na kuishikilia hapo. Ukiitoa, injini inafanya kazi ikiwa baridi kwa muda mrefu, petroli nyingi inaingia, nyingine inapenya kwenye oili, unyevu haukauki, na ringi za pistoni zinaisha kabla ya wakati. Isitoshe, inaficha ugonjwa: gari lenye rejeta iliyoziba nusu litaonekana zima mjini, kisha litachemsha siku ya safari ndefu lenye abiria na mizigo. Yaani linaweza kuwa ndilo lililokupata Kondoa. Mwulize fundi wako kama themostati ipo.

Wiki hii, kabla ya kitu kingine, peleka gari lipimwe mgandamizo wa kila silinda. Ni kazi ya muda mfupi kwa mwenye kipimo. Namba za silinda nne zikaribiane, zisipishane kwa zaidi ya psi 15 hivi. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, gasketi katikati yake imepasuka. Tazama pia chini ya kizibo cha oili kama kuna povu la rangi ya maziwa, na kwenye rejeta, injini ikiwa imepoa ndipo ufungue, kisha iwashwe, uone kama vinatoka viputo mfululizo. Dalili hizo zisipokuwepo, Kondoa imepita salama. Zikiwepo, hedi ifunguliwe, ichongwe iwe sawa, gasketi mpya iwekwe. Hata hapo gari halijafa, mradi usiendelee kuliendesha likiwa na hali hiyo.

Vumbi nitalipitia haraka kwa sababu dawa yake ni rahisi. Vumbi letu jekundu lina mchanga laini unaosaga ringi likipita kwenye filta ya hewa. Kwa mtu wa mitaa isiyo na lami, filta iangaliwe kila mwezi wakati wa kiangazi. Ikichafuka ibadilishwe, isipulizwe na kompresa mara nyingi hadi karatasi itoboke. Kusafisha mapezi ya nje ya rejeta, yaliyojaa vumbi na wadudu wa barabarani, kunasaidia vilevile.

Matairi nayo yana mtego kwa mtu anayetembea kidogo kama wewe. Kashata, yale makato ya tairi, zinaonekana mpya, kumbe mpira umezeeka kwa jua. Pembeni mwa tairi tafuta alama ya DOT, mwisho wake kuna namba nne. 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likishapita miaka 10 litoe hata kama lina kashata, na kwa jua letu mimi huanza kulitilia mashaka mapema kuliko hapo. Linapopasuka huwa ni kwenye mwendo wa safari. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewani, hivyo yabadilishwe kila miaka miwili. Yakiwa na maji yatachemka kwenye mteremko mrefu kama Nyang'oro ukitoka Iringa kuja Mtera, na pedali itazama hadi chini. Oili ya giaboksi usisahau. Mtu akikwambia ni ya maisha yote, aliyatamka hayo akifikiria mnunuzi wa kwanza huko ilikotoka.

Upande wa kutu, tumebarikiwa. Hewa yetu ni kavu na bahari iko mbali. Gari lililoishi Kigamboni au Tanga miaka 15 linaweza kuwa na injini nzuri na sakafu inayopukutika. Hicho ndicho kikomo cha kweli cha gari dogo. Injini unaweza kuikarabati au kununua ya mtumba, giaboksi vivyo hivyo, lakini bodi ikioza pale inaposhikilia shokapu na mikono ya matairi, halina tena pa kufungia hizo spea. Likienda juu kwenye jeki, piga kwa kipini cha bisibisi maeneo hayo usikie kama chuma kinaitika. Land Cruiser zile za mkonga, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984 na zinaendelea hadi leo, zinaishi miongo mingi kwenye njia mbaya kwa sababu bodi imekaa juu ya chesesi nene, na injini yao ya dizeli ya 1HZ haina mambo mengi ya kuharibika. Corolla haikujengwa hivyo, lakini kwa njia zako haihitaji kuwa hivyo.

Kwa fedha, fanya hesabu ya mwalimu. Tuseme shokapu, bushi na matairi mapya vinakuja shilingi milioni 1.5, na vitakaa miaka mitatu. Hiyo ni laki tano kwa mwaka, chini ya shilingi 42,000 kwa mwezi. Iweke kando ya rejesho la mkopo kwenye hati yako ya mshahara, na uongeze bima kubwa ambayo mkopeshaji mara nyingi huitaka. Na gari utakalonunua kwa mkopo huo litakuwa nalo la mtumba, ambalo hujui lilitiwa nini, wakati hili unajua historia yake tangu 2011. Nisingesema hivi kama mgandamizo umeshuka silinda zote, giaboksi inateleza na bodi imeoza kwa pamoja. Mawili kati ya hayo yakikutana, uza.

Tuje kwenye kompyuta, ambako hesabu ni nyingine.

Ndani ya kompyuta, prosesa na chipu za kumbukumbu hazina chuma kinachosagana na chuma. Zikipata umeme safi na zisipounguzwa na joto, zinaweza kukuzidi umri wa utumishi. Chombo cha anga cha Voyager 1 kilirushwa mwaka 1977 na kompyuta zake bado zinafanya kazi. Mwishoni mwa 2023 kilianza kutuma data isiyosomeka kwa sababu chipu ya kumbukumbu iliharibika, na wahandisi wa NASA, kutoka umbali wa kilomita bilioni 24, wakahamisha vipande vya programu kwenda sehemu nyingine za kumbukumbu. Aprili 2024 kikaanza tena kutuma taarifa zinazosomeka. Jirani zaidi na maisha yetu, huko Grand Rapids, jimbo la Michigan, Marekani, kompyuta ya Amiga iliyowekwa miaka ya 1980 ilikuwa bado inaongoza mitambo ya joto na hewa ya shule 19 ilipoandikwa habari yake mwaka 2015. Ilidumu kwa sababu ilipewa kazi moja, na hakuna aliyeitaka ifungue mitandao ya leo.

Vinavyokufa ni vile vinavyozunguka, vinavyokauka na vinavyohifadhi umeme: diski, feni, kapasita (vile vikopo vidogo vya kutuliza umeme kwenye bodi) na betri. Kwa kapasita za maji ndani, kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi joto 10 zinazoongezeka hupunguza maisha yake kwa karibu nusu. Ndiyo maana vumbi linaiua kompyuta ya Dodoma. Likijaa kwenye feni, joto linapanda, na kila kitu kinazeeka pamoja. Mpe fundi aifungue, apulize vumbi huku ameishikilia feni isizunguke, na apake upya pesti ya kupozea juu ya prosesa, maana ya mwaka 2013 imeshakauka. Usiitumie juu ya kitanda au kitambaa, kwani kinaziba matundu ya chini.

Kuchelewa kuwaka kwako karibu hakika ni diski ya kuzunguka. Badilisha uweke SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Utashangaa, na sisemi hivyo kukupamba. Wapo wanaoogopa kwamba SSD ina kikomo cha kuandikwa, na ni kweli, lakini ya GB 250 ya kampuni inayojulikana huwa na dhamana ya kuandikwa kama TB 150, yaani GB 150,000. Ukiandika GB 20 kila siku, jambo ambalo mwalimu hafanyi, ni zaidi ya miaka 20. Kama ina kumbukumbu ya GB 4, ongeza ifike GB 8. Betri ibadilishwe pia, na ukiona kifuniko cha chini au kibodi vimeinuka, izime sasa hivi, maana betri imevimba na inaweza kuwaka moto. Na saa ya kompyuta ikirudi miaka nyuma kila unapozima, tovuti zitakataa kufunguka kwa sababu hiyo tu. Ni kibetri kidogo cha CR2032 kwenye bodi kuu kimeisha.

Umeme una habari yake hapa kwetu. Unapokatika, chomoa. Ukirudi, ngoja dakika chache ndipo uchomeke, kwa sababu mshtuko wa kurudi ndio unaounguza chaja na bodi. Mvua za Desemba hadi Machi zinapokuja na radi, chomoa hata kama umeme upo. Jambo ambalo mafundi umeme wa nyumba wengi hulipuuza ni athi, ile njia ya kupeleka umeme uliovuja ardhini. Udongo wetu unapokauka mwezi wa nane na wa tisa unapitisha umeme vibaya sana, na fito ya shaba iliyozikwa kifupi inakuwa haina kazi. Izamishwe hadi kwenye udongo wenye unyevu, na ipimwe wakati wa kiangazi, si wakati wa mvua.

Hayo yote yako mikononi mwako. Lililobaki haliko mikononi mwako, na hapo ndipo kompyuta inapotofautiana na gari. Hakuna mtu Japani anayeweza kuizuia Corolla yako isipite barabara ya Kondoa. Kompyuta inaweza kuwa nzima kabisa, ikaachwa na waliotengeneza programu yake. Windows 7 iliachwa Januari 2020. Windows 10, ambayo nadhani ndiyo unayotumia, Microsoft iliacha kuipa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa aliyejiandikisha kwenye mpango wa nyongeza wa muda. Na Windows 11 haikubali rasmi kompyuta ya umri wako, kwa kuwa upande wa Intel inaanzia prosesa za kizazi cha 8, kilichotoka mwaka 2017. Zipo njia za kuilazimisha, lakini kwa kompyuta yenye mitihani na alama za watoto wa watu mimi sishauri.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kuweka Linux Mint, mfumo wa kuendeshea kompyuta unaochukua nafasi ya Windows, ambayo ni bure, inapata masasisho, na inakwenda vizuri kwenye mashine ya GB 8. LibreOffice iliyomo inafungua na kuhifadhi faili za Word na Excel, ingawa mpangilio wa kurasa zenye majedwali mengi huweza kuhama kidogo. Unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote. Ijaribu hivyo na printa ya shule kwanza. Angalia pia kama fomu yenu ya matokeo ni Excel yenye makro, yaani amri zilizoandikwa ndani yake zijiendeshe zenyewe, kwa sababu makro za Excel mara nyingi hazifanyi kazi sawasawa humo. Kama fomu inazitegemea, chukua njia ya pili: baki na Windows 10 lakini uikate na intaneti kabisa, iwe ya kutunga na kujaza tu, barua pepe na mitandao ubaki nayo kwenye simu. Njia hii ina tundu moja, nalo ni flashi. Kwenye shule zetu virusi husafiri kwa flashi za walimu kuliko kwa intaneti. Tenga flashi moja ya kompyuta hiyo, isiingie kwenye kompyuta za steshenari. Kazi ya kuchapa ipeleke kama PDF kwa flashi nyingine, na hiyo ikirudi iformatiwe kwanza.

Kabla fundi hajaigusa diski, toa nakala ya mitihani na matokeo yote sehemu mbili, moja ikae nyumbani na nyingine kwenye kabati la shule lenye kufuli. Fungua faili chache kutoka kwenye kila nakala uhakikishe zinasomeka. Kama diski inagonga au kulia kwa ndani, usiiwashe na kuizima kujaribu. Iwashe mara moja, nakili matokeo ya kidato cha nne kwanza, kisha mengine.